Kabla ya kupaka vanishi samani za bustanini, chunguza mbao

Na Mwandishi Wetu

MVUA za masika zinapokatika Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, mafundi seremala na wapaka rangi hupata kazi nyingi. Benchi za bustanini, malango ya mbao na mabanda ya kupumzikia huwa vimegeuka rangi ya kijivu, vanishi imebanduka kama magamba, na miguu ya viti imeanza kulainika.

Wengi hununua kopo la vanishi na kupaka juu ya ile ya zamani. Baada ya miezi michache vanishi mpya nayo hubanduka, na lawama humwendea muuza duka. Hata hivyo, mara nyingi kosa si la vanishi, bali ni la kufunika mbao yenye unyevu, au ambayo uso wake umekwisha kuharibiwa na jua.

Jua, maji na mchwa

Mionzi ya jua huvunjavunja lignini, yaani gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mbao. Mvua huiosha gundi hiyo, na zinazobaki juu ni nyuzi za kijivu zilizolegea. Vanishi inayopakwa juu yake hushika nyuzi hizo, na zikibanduka hubanduka nazo.

Maji nayo huleta kuvu waozeshao mbao. Kuvu hao hawastawi iwapo unyevu wa mbao uko chini ya asilimia 20. Ndiyo maana mguu unaogusa udongo huoza mapema kuliko sehemu ya kukalia. Udongo huohuo ndio njia ya mchwa.

Aidha, mbao hazilingani. Kiini cha msaji, mvule na mninga kina kinga ya asili. Msindano, unaovunwa kwa wingi katika shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, huharibika haraka usipotiwa dawa.

Hatua za kufuata

Kwanza, choma mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye viungio na miguu. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Kata sehemu hiyo na kuunga mpya. Hakuna rangi inayoweza kurudisha nguvu ya mbao iliyooza.

Pili, osha kwa maji ya sabuni na brashi, kisha acha ikauke kabisa kwa siku kadhaa zisizo na mvua. Kwa ukanda wa pwani, kipindi cha Juni hadi Septemba hufaa zaidi.

Tatu, piga msasa namba 80, kisha 120, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, hadi rangi halisi ya mbao itokee. Futa vumbi lote. Msaji una mafuta yake ya asili, hivyo ufutwe kwa kitambaa chenye thina kabla ya kupakwa.

Nne, chagua kinga. Vanishi hung'arisha, lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Ya ndani hupasuka juani. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi, huzama ndani na hayabanduki, ila huhitaji kurudiwa mara kwa mara na huweza kuota ukungu mahali penye unyevu. Rangi huficha urembo wa mbao, lakini ndiyo inayozuia jua vizuri zaidi. Vyovyote iwavyo, paka tabaka jembamba mara mbili au tatu, na usisahau ncha za mbao na chini ya miguu, ambako maji huingia kwa urahisi.

Tano, nguzo za banda zisizikwe ardhini. Zisimamishwe juu ya zege kwa vishikizo vya chuma kilichopakwa zinki, kwani chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida.

Hatari zinazosahaulika

Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Loanisha rangi hiyo kabla ya kupiga msasa, funika pua na mdomo kwa barakoa, na watoto wakae mbali.

Matambara yenye linsidi yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke, au yatumbukizwe majini.

Zaidi ya yote, mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, ambazo aghalabu huwa na rangi ya kijani, yasitumiwe kama kuni. Dawa hiyo huweza kuwa na aseniki, sumu inayotoka na moshi na kubaki katika majivu.

Kazi ikikamilika, nyunyizia mbao matone ya maji kila baada ya masika na vuli. Yakisimama kama shanga, kinga ingalipo. Yakizama, wakati wa kupaka tena umefika, kabla kuvu na mchwa hawajaanza kazi yao.