Kumbikumbi wa Uzi na Manyoya

Trauti hawapo huku Tenke, katika ukanda wa shaba wa Kongo. Ni samaki wa maji baridi. Joto likipita nyuzi 20 hivi huanza kutaabika. Kenya walipata makao mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipowapandikiza mto Gura, milima ya Aberdare. Leo nchi hiyo huuza Ulaya na Marekani nzi bandia wa kuvulia waliofungwa kwa mkono, kazi inayofanywa zaidi na wanawake. Sisi wa ukanda wa shaba tunaweza kuchukua ufundi wao, samaki tukawaacha.

Nzi mkavu ni chambo kinachoelea. Chuma cha ndoana ni kizito kuliko maji, kwa hiyo kingezama mara moja kama si zile nywele za unyoya zilizozungushwa shinani. Ncha zake nyingi hulala juu ya ngozi ya maji bila kuitoboa. Ndiyo maana unyoya ni nusu ya kazi. Jogoo wa kienyeji anafaa, ila uchague. Kunja unyoya wa shingo uone nywele zikisimama: zilizo chini, kwenye kitako cha unyoya, laini zenye utando, hunywa maji kama pamba, zing'oe. Zinazobaki ziwe ngumu, zenye kung'aa, na urefu wake mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa mdomo wa ndoana. Unyoya wa tetea uuweke kwa nzi wa kuzama.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kujaza vitu mpaka tundu la ndoana, kisha fundo la mwisho likakosa pa kukaa. Acha nafasi kabla hujaanza, na uilinde. Uzi nao hujisokota kadiri unavyouzungusha. Mara kwa mara uache bobini, kile kishikio cha uzi, ining'inie izunguke kinyume, uzi ulale bapa. Uzi bapa hauleti uvimbe. Mizunguko mitatu ikitosha, wa nne ni uzito tu. Na usiruke kutoka muundo huu kwenda ule: funga wa aina moja wengi, uwapange kwa mstari mezani, macho yako yatakuambia mkono ulipoyumba.

Sasa muundo upi? Mwingereza Frederic Halford, aliyetoa kitabu chake cha nzi wa kuelea mwaka 1886, alipenda mabawa yaliyosimama wima, kwa kuwa wadudu wa mito yake hukaa hivyo juu ya maji. Kuiga hilo huku, kwa maoni yangu, ni kupoteza unyoya. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na wengi huangukia vijito, na samaki wanaokula wadudu, wale wa jamii ya Labeobarbus mathalani, huwafuata juu. Kumbikumbi aliyeanguka hasimami. Amelala bapa, mabawa yamenata majini.

Basi mfunge hivyo. Mwili wa uzi wa kahawia, mnene kiasi, bila mkia. Mabawa ya vipande viwili vya unyoya mwembamba wa kijivu, yalale bapa mgongoni na kupita mwili kwa mbali. Unyoya wa jogoo uzungushe mara mbili tatu mbele, kisha ukate nywele za chini kwa mkasi ili tumbo liguse maji. Mjaribu kwenye bakuli. Akisimama juu kwa madaha, kata tena.