Kocha Munala, Bomba la Mafuta na Binti wa Majengo

Juzi nilikuwa Nairobi kwa dada yangu, Majengo ya Pumwani. Wapwani wengi twaujua mtaa ule. Ni Eastlands, lakini ukisikia adhana na kunusa mahamri ya asubuhi, waweza kudhani uko Majengo ya kwetu Mombasa. Nilikuta nyumba ina mzozo. Mpwa wangu, msichana wa kidato cha pili, amechaguliwa timu ya mpira wa wavu. Kocha wa mtaani amekuja mwenyewe kuomba ruhusa, na shemeji yangu amekataa.

"Mpira utampeleka wapi mtoto wa kike?" ndilo swali lake.

Swali hilo si la kubeza, maana mzazi ana haki ya kuuliza. Nikamwomba shemeji tukae kitako, kahawa iletwe, nimweleze habari za mtu anayeitwa Japheth Munala. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaandikia nyinyi leo.

Nilianzia kwenye bomba la mafuta. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 ikaanza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi. Bomba lenyewe laanzia kwetu, na mtaa wa Pipeline kule Embakasi, Eastlands hiyo hiyo, umebeba jina lake. Kampuni hiyo ilikuwa na timu ya wanawake ya voliboli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika tena na tena.

Munala ni mmoja wa makocha waliofundisha Pipeline. Baadaye alihamia KCB, timu ya benki. KCB ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika mwaka 2006, kisha ikakaa miaka 16 bila kuushika tena. Mwaka 2022, mjini Kelibia, Tunisia, Munala akiwa kocha, kombe lilirudi.

Mwaka uliofuata alikuwa na timu ya taifa, Malkia Strikers, kule Yaoundé. Cameroon walikuwa wameuchukua ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2017, 2019 na 2021, na safari hii walikuwa kwao nyumbani. Wakenya waliifunga Misri kwenye fainali, wakatwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya 10. Hakuna nchi nyingine barani iliyofika idadi hiyo. Mwaka 2024 Munala aliwapeleka Paris kwenye Olimpiki.

Hapo shemeji akanikatiza. "Na Paris walishinda?"

Hawakushinda. Walicheza na Brazil, Poland na Japani, wakafungwa seti tatu bila zote. Sikumficha, maana kazi ya ukocha haieleweki kwa vikombe peke yake. Wenzetu wale wana ligi ambazo mchezaji halipwi kwa kitu kingine isipokuwa kucheza. Hapa kwetu mchezaji wa KCB ni mfanyakazi wa benki, na wa Kenya Prisons ni askari jela. Kocha wa Kenya hufika Olimpiki akiwa na kikosi alichokikusanya kutoka kazini, na yampasa apambane na watu waliolelewa kwa mchezo huo tu.

Ila hapo hapo ndipo lilipo jibu la swali la shemeji. Mpira wa wavu wa wanawake Kenya ni mlango wa ajira. Msichana akicheza vizuri shuleni, klabu humtafuta, na klabu hizo ni za benki, za magereza, za mashirika. Siku goti likigoma anabaki na kazi yake. Sisemi kila anayecheza hupata. Wengi hawapati. Lakini mlango upo, na anayeulinda ni kocha, kwa sababu ndiye anayejua nani yuko tayari na nani bado.

Shemeji aliuliza pia kocha hufanya nini hasa, maana yeye humwona amesimama tu pembeni akipunga mikono. Nikamweleza. Uwanjani huwa na wachezaji sita. Kila timu inapopokonya nafasi ya kuanzisha mpira, wote sita husogea nafasi moja kwa mzunguko. Kwa hiyo yule mfupi hodari wa kupanga mipira atafika mbele ya wavu, apende asipende, na wapinzani watampigia juu ya kichwa. Kocha lazima awe ameliona hilo kabla ya mechi kuanza. Anaruhusiwa kubadilisha wachezaji mara sita kwa seti, na kusimamisha mchezo mara mbili, sekunde 30 kila mara. Katika sekunde hizo, msichana aliyekosea mipira mitatu mfululizo lazima aambiwe neno litakalomrudisha mchezoni. Ukimfokea, umempoteza.

Ndiyo maana nasema ukocha ni malezi. Makocha wa mitaa ya Eastlands, wale ambao hakuna gazeti litakaloandika majina yao, hufunga wavu kati ya nguzo mbili baada ya alasiri, wakafundisha watoto wa watu bila mshahara. Kina Munala huvuna shamba lililolimwa na hao.

Likabaki la vazi. Shemeji alikuwa na haya kulitaja, nikalitaja mimi. Mwaka 2016 kule Rio, dada wa Misri, Doaa Elghobashy, alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki akiwa na hijabu, mikono na miguu imesitiriwa. Alirudi tena Paris 2024, hijabu yake kichwani. Sheria ya mchezo haimlazimishi binti yetu avue chochote. Kinachotakiwa ni mzazi na kocha wazungumze mapema, si kila mmoja akasirike kivyake.

Usiku ule kocha aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akakaa ukingoni mwa kiti. Shemeji akatoa masharti yake: mtoto awe nyumbani kabla ya Magharibi, darasa la Qur'ani la Jumamosi lisiguswe, na avae suruali ndefu na mikono mirefu. Kocha alikubali yote, akaongeza lake: alama za shuleni zikishuka, atamweka benchi yeye mwenyewe. Nilimwona shemeji akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nimerudi Mombasa na swali la kwetu. Bomba laanzia hapa, mafuta yetu yamekwenda bara miaka yote hii, na jina lake likashinda vikombe vya Afrika. Je, kutoka Likoni hadi Lamu, ni shule ngapi za wasichana zina wavu uliofungwa na mtu wa kuwafundisha? Wakuu wa kaunti watajibu kwa bajeti zao. Nasi wazazi tuna jibu letu la kutoa siku kocha atakapobisha hodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.