Rangi Juu ya Picha ya Ubongo
Picha ya ubongo yenye madoa mekundu na ya njano kwa kawaida ni picha mbili zilizopandanishwa. Ya chini, ya kijivu, huonyesha umbo: mikunjo na uvimbe, ukiwapo, kwa vipande vya takriban milimita 1. Ya juu huonyesha kazi. Mashine ya MRI hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu, njia iliyoelezwa na Seiji Ogawa mwaka 1990, lakini vipande vyake mara nyingi hufikia milimita 3.

Kompyuta husogeza na kuzungusha picha moja hadi ilingane na nyingine. Kisha huwekwa kiwango cha takwimu. Kilicho chini yake hakipakwi rangi. Hapo umakini unahitajika mno: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walipima samaki aina ya samoni aliyekwisha kufa, na hesabu zisiposahihishwa, ubongo wake ulionekana kama unafanya kazi.

Madaktari wa upasuaji hutumia picha hizi kukadiria umbali kati ya uvimbe na eneo la usemi kabla ya kufungua fuvu, kwa hiyo kosa la milimita chache si dogo hata kidogo.