Bunduki ya urithi iko na bei gani? Namna ya kuhesabu mbele ya kugawanya

Wenzangu wa lisansi, na ninyi mungali kwenye masomo, leo ninaandika ju ya kitu ambacho hatukufundishwa ku fakilte lakini kinaweza kuangukia kila mumoja wetu: bunduki ya kuwindia ambayo muzee ameacha. Matanga ikiisha, familia inaikala kuandika mali: shamba, kinga, cherehani, mbuzi. Kwa vitu hivyo kila mutu anajua bei. Kwa bunduki kila mutu anasema namba yake, na pale njo ugomvi unaanzia.

Kwetu ilikuwa kalibre 12 ya babu, upande wa mama, iliyotengenezwa na FN ya Herstal. Mjomba mumoja alisema dola 3 000, ju "ni ya zamani na ni ya Wabelgiji". Mwingine alisema dola 100. Katikati ya hizo namba mbili kulikuwa minervali ya binamu yangu wa mwisho. Mimi ni agronomu, si fundi wa bunduki. Walinipa kazi hiyo ju ninajua kuhesabu bei ya mavuno. Na kweli hesabu ni ya namna moja. Muhindi hauna bei moja: kuna bei ya soko ya Lubumbashi, na kuna ile inayobaki kwa mulimaji kisha kutoa usafiri, mifuko na hasara. Kwa bunduki pia unaanza na bei ya ile iliyo muzima, kisha unatoa.

1. Karatasi mbele ya yote

Katika inchi yetu silaha iko chini ya Ordonansi-sheria 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hawezi kushika bunduki bila ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo inatolewa kwa mutu, kwa jina lake. Babu alikuwa na ruhusa. Kuwa mutoto wake hakukupi ruhusa hiyo. Siku anazikwa, nyumba inabaki na silaha ambayo hakuna mutu pale ndani ameruhusiwa kuishika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta munnunuzi. Ni kutangaza bunduki kwa wakubwa wa serikali, kuonyesha karatasi za marehemu, na kuomba maandishi yanayoshuhudia kama mulitangaza. Muulize njia: muriti mumoja anaweza kuomba ruhusa yake? Inaweza kuuzwa kwa mwenye ruhusa? Itawekwa wapi wakati munangojea? Muulize pia gharama ya kila njia, ju ile njo kitu cha kwanza cha kutoa kwenye bei.

Kama karatasi hakuna hata moja, andikeni sufuri. Atakuja mutu usiku na feza mukononi, na ataitika bei muzuri. Ile si bei. Namba iliyopigwa ndani ya chuma haifutike vizuri, na siku bunduki inaonekana kwenye wizi, swali litarudi kwa familia yenu. Tunaishi katika inchi fasi silaha imemaliza watu. Minervali haiwezi kutoka pale.

2. Musiijaribu

Bunduki iliyolala myaka kumi nyuma ya kabati inaweza kuwa na risasi ndani, ao mtutu umezibwa na kutu ao kiota cha mududu. Kuipiga "ili tuone kama inafanya kazi" ni kucheza na macho na mikono yenu. Na musiibebe ndani ya taksi: kutembea nayo bila ruhusa ni kosa tayari. Pateni ruhusa, kisha fundi anayetambuliwa aje kuiangalia pale ilipo.

3. Ni bunduki gani?

Poupou ya fundi wa kijiji haina soko halali la kuisemea. Lakini bunduki ya kiwanda inabeba kitambulisho chake. Ile ya Liège imepita mbele ya Banc d'Épreuves, nyumba ya kujaribisha mitutu iliyoanzishwa mwaka 1672. Tafuta herufi ELG ndani ya alama yenye umbo la yai. Tangu 1922 kila mwaka ulipewa herufi yake, kwa hiyo fundi anaweza kusoma mwaka ambao bunduki ilijaribishwa. Tafuta tena simba juu ya herufi PV: maana yake ilijaribishwa kwa baruti ya kisasa. Ile ya zamani sana isiyo na alama hiyo inaweza kuwa ilitengenezwa kwa baruti nyeusi tu, na kartushi ya leo inaweza kuipasua.

Hapa njo neno la mjomba, "ya zamani", linaanguka. FN ilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza Mauser za jeshi la Ubelgiji, kisha ikaanza kutengeneza bunduki za John Browning. Ile yake yenye kujaza yenyewe, Auto-5, ilitoka Herstal tangu mwanzo wa karne ya 20 mpaka myaka ya 1970. Ziko nyingi sana duniani. Kitu kinaweza kuwa cha zamani na kisiwe haba, na munnunuzi analipia uhaba. Marekani, Winchester Model 70 ya mbele ya 1964 inauzwa kuliko ile iliyofuata hapo hapo. Sababu si umri: mwaka ule kiwanda kilibadilisha namna ya kuitengeneza ili kupunguza gharama, na wawindaji wakaona tofauti.

4. Iko katika hali gani?

Fundi ataangalia vitu hivi:
- Mtutu ndani: ungali laini, ao kutu imekula mashimo?
- Mtutu ulikatwa? Kwa kalibre 12, mwisho wa mtutu unabanwa kidogo ili punje zisitawanyike upesi. Ukikatwa, kazi hiyo imekwisha na bei imeanguka.
- Mbao: kitako kimepasuka? Kwa Auto-5, mtutu wote unarudi nyuma kila risasi ikitoka. Pete za kupunguza mushtuko zikiwekwa vibaya, mbao ya mbele inapasuka.
- Vipande vyote ni vyake, ao vimetoka kwa bunduki ingine?

Na tafadhali, musiisugue na karatasi ya musasa ili ing'ae. Mwenye kukusanya bunduki za zamani anatafuta rangi ya kiwanda, hata ikiwa imechakaa. Ukisugua, unatupa sehemu ya bei, na unaweza kufuta alama zile zinazosema ni bunduki gani.

5. Inakula risasi gani?

Bunduki isiyo na risasi ni fimbo nzito. Kalibre 12 inajulikana, lakini angalia urefu wa chumba cha kartushi. Nyingi za zamani ni za milimita 65; kartushi za leo nyingi ni za 70. Hiyo ya 70 inaweza kuingia bila kukataa, ju urefu wake unahesabiwa ikiisha kufunguka. Ikilipuka, mudomo wake unafunguka fasi mtutu unaanza kubana, na nguvu ya gesi inapanda. Kwa munnunuzi mwenye akili, chumba cha 65 ni sababu ya kushusha bei.

6. Bei ya mbali si yako

Dola 3 000 za mjomba zilitoka kwenye intaneti. Ile ni bei ambayo muuzaji wa mbali *anaomba*. Tafuta ile ambayo munnunuzi *alilipa*. Na hata hiyo ni ya munnunuzi wa kule. Bunduki haipandi ndege kama pagne. Kuitoa inchi moja kuingia ingine kunaomba ruhusa pande zote mbili. Bei yako inawekwa na watu wachache walio na haki ya kuinunua hapa. Kama ni wawili tu, hao wawili njo soko.

7. Hesabu yenyewe

Namba hizi ni za mufano tu. Tuseme mwenye ruhusa anaweza kulipa dola 400 kwa ile iliyo muzima. Toa 60 za kutengeneza mbao, toa 120 za karatasi na safari. Inabaki 220. Hiyo 220 njo inaingia kwenye urithi, si 400, na bado si feza mpaka imeuzwa.

Kwa hiyo kwenye orodha ya mali, muandike bunduki kwenye musitari wake peke yake: namba yake, alama zake, fasi imewekwa, na "bei: sufuri mpaka karatasi zitoke". Mugawanye shamba, kinga na cherehani bila kuingojea. Na muandike, wote wakiweka sahihi, kama siku itauzwa, feza italipa nini kwanza. Sisi tuliandika minervali.