HOFU YA JEZI

Jumamosi moja nilikuwa Tukuyu, wilayani Rungwe, nikitazama mechi ya vijana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe na manyunyu hayakukatika. Timu ya kijiji iliwangoja wageni kutoka Mbeya mjini. Wageni waliposhuka kwenye basi na jezi mpya na viatu vya njumu, nilimsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Leo tumekwisha." Kipenga kilikuwa bado hakijapulizwa. Kufikia mapumziko, wenyeji walikuwa nyuma kwa mabao matatu.

Mwalimu wao hakugomba. Aliwauliza swali moja tu: "Yule winga wao wa kulia anatumia mguu gani?" Wakatazamana. Kipindi kizima walikuwa wametazama jezi, wasimtazame aliyeivaa. Waliporudi uwanjani walimchunguza, wakagundua hana mguu wa kushoto kabisa. Beki akawa anamlazimisha kuutumia huo huo. Wageni hawakupata bao jingine na wenyeji wakafunga moja. Walishindwa 3-1, lakini waliondoka wakibishana kuhusu mpira, si kuhusu jezi.

Somo ni hilo. Mchezaji anayemwogopa mpinzani haoni udhaifu wake. Anayemdharau haoni uwezo wake. Mdharau mwiba guu huota tende. Anayemchukia huacha mpira akafuata miguu ya mtu, na mwisho wake ni kadi nyekundu. Wote watatu wana ugonjwa mmoja: hawamwoni aliye mbele yao.

Tukuyu penyewe pana ushahidi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, "Banyambala", yaani wanaume kwa Kinyakyusa, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Timu ya mji mdogo wa migomba na chai haiwezi kumaliza msimu mzima kileleni huku ikitetemeka kila isikiapo jina kubwa. Lakini ubingwa huo haujarudi tena Tukuyu. Kudharauliwa ni faida ya muda mfupi. Ukishakuwa bingwa, kila mpinzani anakusoma, nawe huna budi kumsoma upya.

Chukua pia mfano wa Filbert Bayi. Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji aliyeshangiliwa na uwanja mzima. Walker naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Mmoja alikimbia akijua anafukuzwa, mwingine akiwa na wa kumfukuza. Kila mmoja alimpa mwenzake kasi ambayo pengine asingeipata peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya mpinzani.

Lugha yetu inalijua jambo hili siku nyingi. Simba na Yanga hatuwaiti maadui, tunawaita watani wa jadi. Mtani ana ruhusa ya kukukejeli hadharani, lakini ukifiwa, ndiye anayewahi msibani. Anakufahamu kuliko wengi, nawe unamfahamu.

Nasi watangazaji tuna hatia. Ni mara ngapi nimetangaza kwamba "vigogo" wanakutana na "vibonde", nikaimaliza mechi kabla haijaanza? Yule kijana wa Rungwe aliyesema "tumekwisha" huenda alikuwa na redio nyumbani.

Kesho ataingia kwenye chumba cha mtihani, au mbele ya mwajiri, au sokoni penye wafanyabiashara wakubwa. Akiwa amezoea kushindwa na jezi, atashindwa na suti pia. Tumfundishe tangu sasa kuuliza: huyu anatumia mguu gani?