VYUMA VYA NJE VYA KUSHIKIZA MIFUPA: TAHADHARI KWA WANANCHI WA KIBONDO NA KASULU

Mtu avunjikapo muundi na ngozi ikapasuka, aghalabu mguu haufungwi plasta ngumu, kwani kidonda huhitaji kuoshwa na kutazamwa kila mara. Daktari hutoboa mfupa juu na chini ya mahali palipovunjika, akapitisha pini za chuma, kisha akaziunganisha kwa fito iliyo nje ya mguu. Katika Wilaya za Kibondo na Kasulu, ambako pikipiki za abiria hupita njia za milimani na safari ya kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ni ndefu, chombo hiki kina faida kubwa, maana hakihitaji mitambo mingi na mgonjwa aweza kusafirishwa nacho.

Hata hivyo, kila tundu la pini ni njia ya vijidudu kuingia mfupani.

Kinga huanza siku ile ile ya upasuaji. Pini za muundi huingizwa upande wa ndani wa mbele, ambako mfupa u chini ya ngozi tu, mbali na mishipa mikubwa. Ngozi hukatwa kidogo kwanza ili isivutwe na chuma. Keekee butu iendayo kasi huunguza mfupa. Mfupa ulioungua hufa, pini hulegea, na pini iliyolegea huleta usaha. Kwa hiyo keekee sharti iwe kali, iende polepole, na ipozwe kwa maji safi ya chumvi. Keekee ya mkono, ambayo baadhi ya watu huidharau, hufaa sana hapa. Pini isikaribie mno goti, usaha usije ukaingia kwenye kiungo.

Nyumbani, anayemhudumia mgonjwa anawe mikono kwa sabuni, asafishe kila pini kwa kipande chake cha gozi safi na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mara ngapi kwa juma, afuate agizo la hospitali yake, kwani waganga wenyewe hutofautiana. Majani, majivu na samadi visipakwe kamwe. Mgonjwa achezeshe kifundo cha mguu kila siku, wayo usije ukakakamaa ukielekea chini.

Majimaji meupe kidogo siku za mwanzo si ugonjwa. Wekundu unaotanda, maumivu yanayozidi, usaha, au pini inayocheza, hayo yapelekwe hospitali bila kungoja siku ya miadi. Asithubutu mtu kukaza wala kung'oa pini mwenyewe.

Wako wanaodhani kwamba vyuma vya nje ni tiba ya kimaskini. Utafiti wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2020, ulioandikisha wagonjwa 240 waliovunjika muundi wenye kidonda wazi, haukuona tofauti kubwa ya vifo wala ya kurudiwa upasuaji kwa sababu ya madhara, baada ya mwaka mmoja, kati ya vyuma hivyo na chuma kipitishwacho ndani ya mfupa. Ingawa waliowekewa cha ndani mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi.