Mgeni Njoo, Lakini Langoni Ulipe?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maonyesho ya kazi za mikono, mwenyeji ni yule mama aliyeketi nyuma ya meza yake, mbele yake mikeka ya ukindu, kofia za mkono na leso alizozipiga pindo mwenyewe. Mgeni ndiye mlango wa riziki yake. Je, ni sawa mgeni huyo azuiwe langoni atoe pesa kabla hajaiona hata kofia moja?

Swali hili linawagusa jamaa zetu walioko Nakuru na Bonde la Ufa ya kati. Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021. Iko kwenye barabara kuu iendayo magharibi ya Kenya na Uganda, ziwa lake huvuta watalii, na katika mitaa kama Bondeni wapo Waislamu walioishi huko kwa vizazi. Mama atokaye Mombasa na mzigo wa kofia husafiri zaidi ya kilomita 600 kufika huko. Kofia moja huenda ilimchukua mwezi mzima kuitoboa na kuishona. Nauli amekwisha kulipa, na bado hajauza kitu.

Upande ule wa nchi una desturi mbili, na kila moja ina hekima yake. Ya kwanza ni maonyesho ya kilimo ya Nakuru, yanayoandaliwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1901. Hapo mgeni hulipa kiingilio, wala halalamiki, kwa sababu amekuja kutazama na kujifunza: ng'ombe wa maziwa, mbegu, mitambo ya shambani. Kule kutazama ndiko anakokununua.

Desturi ya pili utaiona ukitoka Nakuru kwenda Nairobi. Ukishaipita Naivasha, barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kandokando yake wamejipanga wauzaji wa ngozi za kondoo, vikapu na vinyago. Hapana lango. Msafiri huteremka garini kuutazama mlima Longonot, hakukusudia kununua chochote, na mara nyingi huondoka na kikapu mkononi. Lau pangekuwapo mtu wa kumdai pesa ya kutazama, angeendelea na safari yake.

Katika mafunzo ya dini yetu, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipowawekea Waislamu soko Madina, alielekeza lisibanwe wala lisitozwe ushuru. Wanazuoni wameizungumza sanadi ya upokezi huo. Lakini maana yake iko karibu na akili: soko hustawi likiwa wazi kwa tajiri na maskini. Hata hivyo, ujira wa huduma iliyotolewa haufanani na ushuru wa bure. Hema, vyoo safi, mlinzi, maji ya kutawadha na mahali pa kusalia akina mama havipatikani bila gharama.

Basi hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mgeni asipolipa, nani atalipa? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme maonyesho yana meza 30 na gharama yake ni shilingi 60,000. Lango likiwa bure, kila meza itabeba 2,000. Mama ambaye siku yake imeingia mvua ya Aprili ataondoka na hasara, ilhali wageni wameburudika bure. Kwa upande mwingine, wageni 600 wakitoa shilingi 100 kila mmoja, gharama yote imelipwa. Lakini baba, mama na watoto wanne watakuwa wameacha 600 langoni, pesa ambayo huenda ingenunua kitu mezani. Na jirani asiye na 100 ya ziada hataingia kabisa.

Kwa maoni yetu, maonyesho yanayofundisha, yenye mafundi wanaoonyesha namna ya kusuka ukili au kuchonga mlango, yana haki ya kuomba kiingilio. Ama yale ambayo ni soko tu, lango lake na liwe wazi; na ikilazimu kutoza, basi pesa hiyo irudi mezani. Katika mfano wetu, mgeni atoe 100, na tikiti yake imkatie shilingi 50 kwenye meza yoyote atakayonunua. Jioni muuzaji hukusanya tikiti alizopokea na kulipwa na waandaaji. Nusu iliyobaki langoni itatoa 30,000, na kila meza ikichangia 1,000 tu, zile 60,000 zimetimia. Watoto waingie bure. Hivyo mgeni anasukumwa kununua badala ya kufukuzwa, na mzigo wa mama umepungua nusu.

Mambo mawili yaangaliwe. La kwanza, tikiti isigeuzwe bahati nasibu. Baadhi ya waandaaji huvutia watu kwa kuahidi zawadi kwa namba itakayochomolewa. Mwislamu anayelipa pesa ili apate nafasi ya kushinda anaikaribia kamari, na aliyekuja kununua mkeka hapaswi kutiwa katika shaka hiyo. La pili, hesabu itangazwe mapema: zitakusanywa ngapi, zitatumika wapi, na tikiti ambazo hazikutumika pesa yake itakuwa ya nani. Ingefaa iwekwe kwa ajili ya kuwalipia meza wajane katika maonyesho yajayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi akina mama mnaojiandaa kupeleka kazi zenu bara, ulizeni kabla ya kufunga mizigo: mgeni atalipa nini, mimi nitalipa nini, na nitalipa kabla ya kuuza au baada? Kuuliza si utovu wa adabu. Makubaliano yaliyo wazi mwanzoni huzuia ugomvi mwishoni.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayofanya kazi, na aturuzuku riziki ya halali. Amin.